Wanaume wa kwenye matangazo ya zamani: ni akina nani, na mbona suti zao hazina mkunjo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashona zaidi suti za kiume. Mwalimu mmoja mzee kutoka Marekani alipofunga nyumba kurudi kwao aliniachia maboksi mawili ya majarida ya zamani: The New Yorker za miaka ya 1950, Esquire, GQ, na The Face chache za Uingereza. Nimechana kurasa zenye matangazo nikazibandika ukutani. Sasa wateja wananibana kwa maswali. Yule mwenye kitambaa cheusi jichoni ni nani? Kwa nini wa zamani wote wanatazama pembeni, huyu kashika kiko, yule kashika farasi, halafu kuanzia miaka ya 1980 wanavua mashati? Mbona nguo zimetajwa hadi bei, na wao hawatajwi majina? Na langu mwenyewe: wanafanyaje mpaka suti inakaa bila mkunjo hata mmoja? Nina miaka 19 kwenye cherehani, koti la namna hiyo sijawahi kuliona.

JIBU: Marahaba, fundi. Nianze na lako, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Wateja wasubiri kidogo.

Hizo suti zina mikunjo kama za kwako. Yote imehamishiwa mgongoni.

Nilipoanza kazi ya kuvalisha watu kwa ajili ya picha, Dar es Salaam, siku ya kwanza nilitumwa Kariakoo nikanunue vibanio dazani mbili. Nikaleta vile vya mbao vya kuanikia nguo, njia nzima najiuliza kama nimeajiriwa udobi. Kumbe ndivyo hasa vilivyotakiwa. Mpiga picha alimsimamisha kijana mbele ya taa, akazunguka nyuma yake, akakusanya kitambaa chote kilichozidi kiunoni na chini ya kola, akakibana kwa vibanio vitano vilivyopangana kwenye uti wa mgongo. Ukimtazama kwa mbele, koti limemkaa kijana kama alizaliwa nalo. Ukimtazama kwa nyuma, ni kamba ya nguo siku ya Jumamosi.

Mengine ni madogomadogo, lakini yakijumlishwa yanaleta huo uongo mtamu. Karatasi laini hupachikwa ndani ya mkono wa koti, pale juu begani, ili bega lisilegee. Mkanda wenye gundi pande mbili hushikilia kola isiinuke shingoni. Pasi ya mvuke inakaa karibu muda wote, na kijana haruhusiwi kuketi mpaka kazi iishe, suruali isije ikapiga mkunjo gotini. Hata viatu hubandikwa mkanda chini ya soli ili jioni virudishwe dukani vikiwa vipya. Siku moja, kwenye kazi ya tangazo la duka fulani la suti, kijana aligeuka kidogo kuliko tulivyopatana, na mimi ndiye niliyekuwa wa kuangalia vibanio. Mwenye duka alikuwa mtu wa kwanza kukiona kibanio kile, na alikiona kikiwa juu ya bango, kikubwa kama baiskeli. Sikuitwa tena.

Ila kuna jambo la msingi kuliko vibanio. Wewe unampima mtu kwanza, ndipo unakata kitambaa. Kazi ya matangazo huenda kinyume: koti limeshakatwa, limetoka kiwandani mapema kuliko mengine, ni la mfano na ni moja tu, na sasa anatafutwa mtu wa kuingia humo. Kwa Marekani, koti hilo la mfano kwa kawaida ni saizi 40, ambayo Waitalia huiandika 50. Kwa hiyo anatakiwa mwanamume mwenye kifua cha inchi 40 na urefu wa kama futi sita au inchi moja mbili zaidi. Sura inafuata baadaye. Ndiyo maana ukutani kwako wanaonekana kama ndugu wa tumbo moja. Mwanamitindo wa kiume ni mtu aliyechaguliwa na koti.

Sasa turudi kwa wateja wako.

Ajabu ya kwanza ni kwamba mwanamume wa kwanza kupata umaarufu mkubwa kwa kutangaza nguo Marekani hakupigwa picha. Alichorwa. Kampuni ya Cluett, Peabody ya mji wa Troy, jimbo la New York, ilikuwa ikiuza kola za Arrow enzi zile ambapo kola ilikuwa kitu cha kuvuliwa peke yake: unafua kola kila siku, shati linangoja. Kuanzia 1905 kampuni ikampa kazi mchoraji J. C. Leyendecker, naye kwa miaka kama 25 akawachora wanaume wenye taya za mraba na shingo ndefu, kola imesimama kama ukuta. Barua zilimiminika kiwandani kutoka kwa wanawake, nyingine za kuomba ndoa. Waliomwandikia hawakujua kwamba sura ile ilitokana kwa sehemu kubwa na Charles Beach, aliyekaa mbele ya mchoraji kama kielelezo na aliyeishi naye mpaka Leyendecker alipofariki 1951. Walikuwa wanachumbia wino.

(Kampuni hiyohiyo imepita mikononi mwako, fundi, hata kama hukujua. Ukikuta kitambaa cha pamba cha zamani kimepigwa muhuri wa Sanforized, maana yake kimeshapunguzwa kiwandani kisije kikaruka baada ya kufuliwa. Njia hiyo ilibuniwa na Sanford Cluett, wa kampuni hiyo ya kola.)

GQ uliyo nayo nayo ina asili ambayo naamini itakufurahisha. Ilianza 1931 kwa jina la Apparel Arts, na haikutengenezwa kwa ajili ya wanunuzi. Ilikuwa ya watu wa kazi yako: wenye maduka ya nguo za kiume na mafundi. Ndani yake walibandika vipande halisi vya vitambaa, ili mteja ashike kabla hajaagiza. Wateja wakalipenda mno, wengine wakawa wanaondoka nalo. Wachapishaji walewale wakaona kumbe kuna soko, wakaanzisha Esquire 1933, na nakala nyingi za toleo la kwanza wakazipeleka kwenye maduka ya nguo badala ya kwa wauza magazeti. Apparel Arts ilibadilika ikawa Gentlemen's Quarterly 1957, na herufi za GQ zikashika. Kwa hiyo ulichobandika ukutani kimerudi mahali kilipotoka.

Sasa tuje kwenye lile la kiko na farasi. Hapa naomba uniazime sikio, kwa sababu ukilielewa hili moja, kuta zako zote zitajieleza zenyewe.

Mwanamke kwenye tangazo la nguo aliruhusiwa kusimama tu apendeze. Mwanamume hakuruhusiwa. Akisimama tu apendeze, yule aliyeshika jarida, ambaye naye ni mwanamume, anaanza kujiuliza: mbona namwangalia huyu? Watengenezaji wa matangazo walilijua hilo, wakampa kila mwanamume kisingizio. Hakuja hapa kutazamwa. Yuko kazini, ana shughuli zake, sisi tumepita tu tukamkuta. Ndiyo maana macho yako pembeni: anaangalia mashua, anaangalia mpira wa gofu, anaangalia mbwa. Chukua katalogi yoyote ya miaka ya 1960 au 1970. Utakuta wanaume watatu wamevaa sweta, mmoja ananyoosha kidole mbali, wawili wanafuata kidole kwa macho. Nimetazama mamia ya picha hizo na mpaka leo sijui walikuwa wanaonyeshana nini. Hata Roger Moore, miaka mingi kabla hajawa James Bond, alisimama hivyo. Alipigwa picha za sweta nyingi kiasi kwamba alipewa jina la utani Big Knit, yaani Sweta Kubwa.

Yule mwenye kitambaa jichoni ndiye mfalme wa visingizio. Anaitwa Baron George Wrangell, mtu wa ukoo wa mabaroni wa Urusi, na macho yake yote mawili yalikuwa mazima. Mwaka 1951 kiwanda kidogo cha mashati cha Hathaway, mji wa Waterville, jimbo la Maine, kilimpa kazi David Ogilvy, Mwingereza mwenye kampuni changa ya matangazo New York. Fedha ilikuwa kidogo. Ogilvy alikuwa ameona picha ya Lewis Douglas, balozi wa Marekani nchini Uingereza, aliyeumia jicho akivua samaki na kulazimika kulifunika. Asubuhi ya kupiga picha, akiwa njiani kwenda studio, Ogilvy akapita duka la dawa akanunua vitambaa vya jicho vya bei poa, akasema tujaribu.

Angalia kilichotokea. Shati ni shati tu, jeupe au lenye mistari, wewe ungelishona kabla ya chai ya saa nne. Lakini mtu akifungua ukurasa anasimama: huyu jicho lake limepatwa na nini? Vita? Pambano la panga? Duma? Akishajiuliza, tayari ameshasoma neno Hathaway. Na zaidi ya hapo, kitambaa kile kimempa ruhusa ya kumtazama mwanamume mwenzake kwa muda mrefu bila aibu, kwa sababu anachunguza jambo. Waliendelea kwa miaka, na kila tangazo lilimpa yule baroni kazi mpya: mara anaongoza okestra Carnegie Hall, mara anapuliza zumari la oboe, mara ananakili mchoro wa Goya makumbusho, mara anaendesha trekta. Mtu mmoja, shati moja, na shughuli za ukoo mzima. Ilifika mahali matangazo mengine hayakuhitaji maneno, kitambaa cha jicho kilitosha.

Wa farasi nitampitia haraka kwa sababu alikuwa anauza sigara, ingawa najua ndiye mwenye kurasa nyingi kwenye maboksi yako. Marlboro ilikuwa sigara ya wanawake mpaka kampuni ya Leo Burnett ya Chicago ilipoigeuza katikati ya miaka ya 1950, ikaanza kuweka kwenye picha wanaume wenye mikono iliyochorwa tatuu na hatimaye wachunga ng'ombe. Zimejaa majarida ya miaka ya 1970 kwa sababu ya sheria: tangu Januari 1971 matangazo ya sigara yalipigwa marufuku kwenye redio na televisheni za Marekani, na fedha yote ikahamia kwenye karatasi na mabango. Darrell Winfield, mmoja wa waliotokea sana, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mchunga ng'ombe kweli, walimkuta ranchi moja ya Wyoming 1968 wakabaki naye mpaka 1989. Huyo kisingizio chake kilikuwa cha haki. Mwenzake David McLean, aliyekuwa mwigizaji, alifariki 1995 kwa saratani ya mapafu.

Mbona hawatajwi majina? Sababu ya kawaida ni biashara. Ukurasa unamtaja anayelipia na anayeuza: koti ni la nani, bei gani, duka lipi, na picha imepigwa na nani. Yule aliyelivaa alilipwa kwa saa akaenda zake, na wengi walikuwa na kazi nyingine ya kulishia familia. Lakini mimi naamini kuna sababu ya pili. Jina lingeua kisingizio. Ukiambiwa huyu mvuvi wa mashua ni kijana wa Ohio anayekaa chumba cha kupanga na anangoja simu ya wakala wa kumtafutia kazi, mashua inageuka kuwa mapambo, na wewe unabaki umemkodolea macho kijana wa Ohio.

Fedha nayo inasema. Mwaka 2013 jarida la Forbes lilipoorodhesha mapato ya wanamitindo, mwanamume wa kwanza, Sean O'Pry, alikadiriwa dola milioni 1.5. Mwanamke wa kwanza, Gisele Bündchen, dola milioni 42. Nguo peke yake hazitajirishi mtu. Wanawake wana mikataba ya manukato na vipodozi inayodumu miaka, na sura yao inakuwa mali ya kampuni. Mwanamume, hadi hivi karibuni, hata mafuta ya kujipaka alikuwa akiyaazima kwa mkewe.

Sasa wale wa bila mashati.

Mpiga picha Bruce Weber, mwishoni mwa miaka ya 1970, alichoka na sura zilezile zilizoletwa na mawakala wa wanamitindo. Akaanza kutafuta wanamichezo. Mwaka 1978 alimpiga picha Jeff Aquilon, mwanafunzi wa chuo kikuu huko California aliyecheza mpira wa majini, na watu wa mitindo New York wakashtuka, maana kijana yule hakujipanga kwa kamera, alikuwa kama ameamshwa sasa hivi. Kisha ikaja 1982. Mbunifu Calvin Klein alikuwa anaingia biashara ya chupi za kiume, biashara ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya pakiti: chupi tatu ndani ya nailoni, na mara nyingi mnunuzi ni mke au mama. Weber akamchukua Tom Hintnaus, mrukaji wa upondo aliyezaliwa Brazil, mpaka kisiwa cha Santorini, Ugiriki.

Kama picha hiyo unayo, itazame vizuri. Kamera iko chini, inamtazama kuelekea juu, hivyo kijana anakuwa mnara. Nyuma yake kuna ukuta mweupe wa chokaa na anga la buluu. Chupi nyeupe, mwili umepigwa na jua, macho yamefumbwa. Haangalii mashua wala mbwa. Haangalii kitu. Iliwekwa kama bango kubwa Times Square, na zile zilizobandikwa kwenye vituo vya basi New York watu walivunja vioo wakaiba.

Je, kisingizio kimekwisha? Wengi husema hivyo, na mimi nakataa. Kimehama. Hintnaus ni mwanamichezo. Alikuwa kwenye timu ya Marekani ya Olimpiki ya 1980 iliyogomea Moscow, na 1984 aliiwakilisha Brazil Los Angeles. Mwili ule ni wa kazi, si wa urembo: ndivyo mtazamaji alivyoweza kujiambia. Kiko, farasi, trekta, vyote vimeingia ndani ya misuli. Aliyepoteza hapo ni wewe, fundi, maana ndipo tangazo la mavazi lilipoacha kumhitaji mshonaji. Mwaka 1991 Calvin Klein na Weber walitoa kijitabu cha kurasa 116 pamoja na jarida la Vanity Fair kutangaza jinzi, na Marcus Schenkenberg wa Sweden anaonekana humo kwenye bomba la maji akiwa ameishika hiyo jinzi mkononi. Jinzi inatangazwa kwa kutovaliwa! Mwaka uliofuata zikaja picha za chupi za Calvin Klein alizovaa Mark Wahlberg, wakati huo mwanamuziki wa rap, zilizopigwa na Herb Ritts, na tangu hapo kila mwanafunzi wa shule ya bweni anajua mkanda wa chupi unatakiwa uonekane.

Kwa haki ya wale vijana niseme na hili. Mwanzoni mwa 2018 The New York Times ilichapisha tuhuma za wanamitindo wengi wa kiume waliosema Weber aliwashika na kuwadhalilisha kijinsia kazini. Yeye alikanusha. Condé Nast, wachapishaji wa GQ na Vogue, walisitisha kufanya naye kazi. Mtu asiye na jina ukurasani huwa hana sauti chumbani pia, na picha hizo siwezi tena kuzitazama kama nilivyozitazama nikiwa kijana.

Condé Nast waliinunua GQ 1979, na mhariri Art Cooper alipoingia 1983 jalada likaanza kwenda kwa waigizaji na wanamichezo mashuhuri. Ukipanga nakala zako kwa miaka utaona mpaka ule kwa macho: upande huu sura nzuri zisizojulikana, upande huu watu unaowajua kutoka kwenye sinema. Mwigizaji ana kisingizio cha kudumu, umaarufu wake.

The Face zako, hizo usizichane. Kama umeshazichana, basi tena, lakini zilizobaki ziache. Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na Mskoti aitwaye Ray Petri, London, na kundi lake lililoitwa Buffalo. Petri hakushona wala hakupiga picha, alivalisha. Yaani kazi yangu, ila yeye alikuwa na jicho la ajabu. Alichukua jaketi la MA-1 la marubani wa Marekani akalivisha na sketi na buti nzito, akamweka mwanamume anayeangalia kamera moja kwa moja, usoni, bila kiko. Waingereza walishangaa mwanamume kuvaa sketi. Mtu wa Lamu au Unguja aliyekaa barazani na kikoi chake angeuliza tu kama buti hazimchomi.

Petri aliokota vijana mitaani, na wengi walikuwa weusi au wa damu mchanganyiko wakati ambapo matangazo ya Uingereza yalikuwa meupe kama chaki. Mmoja alikuwa Nick Kamen, kutoka Essex, mwenye damu ya Burma, Ireland na Uholanzi. Alitokea jalada la The Face Januari 1984, picha ya Jamie Morgan. Mwaka uliofuata kampuni ya matangazo ya Bartle Bogle Hegarty ikamchukua kwa tangazo la televisheni la Levi's 501. Anaingia chumba cha mashine za kufulia, anamimina mawe kwenye mashine, anavua fulana, anavua jinzi, anaitumbukiza, anaketi na boksa kati ya watu wazima wanaojifanya hawaoni. Kisingizio? Anafua nguo. Ni kisingizio bora kuliko vyote kwa sababu kinajicheka chenyewe. Jinzi zile zikauzika kupita kiasi, na boksa, ambazo vijana waliziona ni za babu zao, zikawa fasheni. Kamen akapata hata mkataba wa muziki, Madonna akishiriki kumwandikia wimbo wa kwanza. Petri alifariki kwa UKIMWI 1989. Kamen alifariki Mei 2021.

Kuna swali hujauliza, lakini mteja mmoja atakuja kuliuliza akishakaa akizungusha macho ukutani: sisi tuko wapi? Kwenye majarida uliyoachiwa, tuko wachache na tulichelewa. Urs Althaus, Mswisi mweusi, ndiye mwanamitindo mweusi wa kwanza kuwekwa jalada la GQ, 1977. Renauld White, Mmarekani, akafuata Novemba 1979. Hadi 1993 ndipo mbunifu wa mavazi Ralph Lauren alipompa mkataba Tyson Beckford, kijana wa New York mwenye asili ya Jamaika na China. Hilo lilikuwa na uzito wake, kwani nguo za Ralph Lauren zilikuwa zinauza ndoto ya mabwana wa mashamba ya Uingereza na vyuo vya watoto wa matajiri, na sasa ndoto hiyo imevaliwa na mwanamume mweusi kipara, tena ametazama kamera bila kupepesa.

Lakini usidhani kwamba kabla ya hapo hatukupigwa picha. Ilikuwa kwenye majarida mengine, hayo ambayo mwalimu wako hakuwa nayo. Ebony ya Chicago, iliyoanza 1945, ilijaza kurasa wanaume weusi wenye suti safi na kofia. Na Drum, iliyozaliwa Afrika Kusini 1951 na kuwa na toleo la Afrika Mashariki, ilimtumia Mghana James Barnor kupiga picha London miaka ya 1960. Ipo moja ya 1967 ambayo naipenda kuliko zote nilizokutajia: Mike Eghan, mtangazaji wa BBC, anashuka ngazi za Piccadilly Circus, mikono ameifungua pande zote mbili, taa za matangazo ya watu wengine zinawaka nyuma yake. Hana kiko. Hafui. Hajazimwa jina. Ukiipata mtandaoni, ichapishe ukubwa wa dirisha uiweke katikati.

Kuhusu kuta zako: ondoa gundi. Karatasi ya majarida hayo haipendi gundi wala jua, ndani ya mwaka mmoja itakuwa njano na ya kuvunjika. Nunua mifuko ya plastiki ya kuhifadhia karatasi, ile wanayouza kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, tundika kwa pini nje ya karatasi, upande usiopigwa na jua la mchana. Na usikate kingo za ukurasa, kwani mara nyingi jina la mpiga picha limejificha pale, herufi ndogo, kwa wima.

Na mteja akikuonyesha ukurasa akasema nataka inikae hivi hivi, usibishane naye. Mvalishe koti ulilomshonea, msimamishe mbele ya kioo, pita nyuma yake, kusanya kitambaa chote cha mgongoni kwa ngumi moja. Mwambie avute pumzi. Ataona suti ya kwenye picha. Mwache aifaidi kidogo. Halafu, ngumi ikiwa bado imeshika, mwambie anyooshe mkono juu kama anayedandia bomba la daladala.